Kutanuka kwa Mishipa ya Damu ya Ubongo, na Swali Tunaloiuliza Picha



Kwa muda mrefu ilisadikiwa na wengi, na ikaandikwa na wataalamu wenye heshima yao, ya kwamba kutanuka kwa mishipa ya damu ya ubongo ni maradhi ya nadra mno kwa watu wa Afrika; na dhana hiyo, kwa kuwa ilitoka vinywani mwa walimu, ilikaa vichwani mwa wanafunzi mfano wa hukumu iliyokwisha kutolewa, hata ikawa tabibu aliyeletewa mgonjwa aliyeanguka ghafla kwa maumivu ya kichwa hakulitaja jina la maradhi haya walau mwishoni mwa orodha ya mambo anayoyashuku. Baadaye, kadiri mashine za kupiga picha zilivyozidi kuingia katika hospitali za Nairobi, Dar es Salaam na miji mingine, ndivyo wagonjwa nao walivyozidi kuonekana, nami ni miongoni mwa wale wanaoona kwamba uhaba uliokuwa ukisemwa ulikuwa uhaba wa picha, na wa maiti zilizofunguliwa kwa uchunguzi, wala maradhi yenyewe hayakuwa haba kiasi hicho.

Hata hivyo sikusimama hapa kuisifu mashine. Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni kwamba picha, hata iwe ya mashine ya thamani kubwa namna gani, hujibu lile tu ililoulizwa. Na kwamba katika maradhi haya swali hutungwa mapema, kitandani pa mgonjwa au penye benchi la zahanati, na mtu ambaye pengine hajapata kuiona mashine yenyewe kwa macho yake.

Ubongo hunyweshwa damu na mishipa mikubwa 4: miwili ya mbele, inayopanda shingoni kulia na kushoto, na miwili ya nyuma, inayopenya katika matundu ya pingili za shingo na kukutana chini ya ubongo ikawa mshipa mmoja uitwao basila. Mishipa hiyo huungwa pamoja na vijishipa vya kupokeana damu, likafanyika duara ambalo tabibu wa Kiingereza, Thomas Willis, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664, kwa msaada wa michoro ya Christopher Wren, yule yule msanifu aliyekuja kulijenga upya Kanisa la St Paul mjini London. Duara hili ni neema, kwa kuwa njia moja ikizibika nyingine huweza kufidia; walakini penye maungano na njia panda zake ndipo damu inapougonga ukuta kwa nguvu zaidi, mpigo baada ya mpigo, usiku na mchana, ilhali kuta za mishipa ya ndani ya fuvu, zikilinganishwa na za mishipa ya mahali pengine mwilini, zina misuli michache na zimekosa utando wa nje wenye kunyumbuka.

Basi ukuta wa namna hiyo ukidhoofishwa na shinikizo la damu, na tumbaku, na umri, na pengine na urithi wa wazazi, huanza kutuna pole pole mpaka ukafanya kifuko chenye shingo na tumbo, nacho ndicho hospitalini kinachoitwa anurizimu. Aghalabu hutokea katika nusu ya mbele ya lile duara. Iko namna ya pili, ambayo mshipa hutanuka pande zote pasipo shingo. Na iko ya tatu, ambayo mshipa, hususan basila, hurefuka na kujipinda pamoja na kunenepa, kipenyo chake kikapita milimita 4.5, na mgonjwa wake huumia zaidi kwa neva zinazokandamizwa, au kwa madonge ya damu yanayoleta kiharusi, kuliko kwa kuvuja damu. Kwetu sisi yapasa kuongeza hali ambazo vitabu vya ng'ambo huzitaja kwa mstari mmoja na kupita: wagonjwa wa selimundu, ambao huweza kuwa na vifuko kadhaa kwa wakati mmoja, watoto wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao mishipa yao ya duara lile huweza kutanuka pande zote, na wale ambao vali za moyo zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, kisha zikapandwa na vijidudu, na vijidudu hivyo vikasafirishwa na damu hadi katika matawi madogo ya ubongo na kuozesha kuta zake.

Kwa makadirio yanayokubaliwa na wengi, watu wazima 3 hivi katika kila 100 wanao utanuko wa namna ya kifuko, na walio wengi katika hao huishi nao mpaka ajali yao ikawafika kwa sababu nyingine, wasijue kamwe kwamba walikuwa nao. Wanaopasukiwa ni wachache mno. Lakini katika hao wachache, kiasi cha theluthi moja hufa, wengine hata kabla ya kuufikia mlango wa hospitali, na katika wanaosalia wako wengi wasiorejea katika kazi zao za zamani. Na kifuko kilichokwisha kupasuka mara moja ni chepesi kupasuka tena, hasa katika saa 24 za mwanzo. Ndiyo maana mada hii haina budi kuzungumza habari ya saa, na saa yenyewe huanzia kinywani mwa mgonjwa.

Mgonjwa aliyepasukiwa hana dalili za kuficha. Kichwa humshika ghafla, maumivu yakafika kilele chake kwa muda wa dakika moja au chini ya hapo, na wengi husema maneno yanayokaribiana: "Nilihisi nimepigwa rungu kisogoni." Hutapika, shingo hukakamaa, mwanga humkera, na baadhi yao huzimia au hushikwa na kifafa ambacho hawakuwa nacho. Bahati mbaya yetu ni kwamba twaishi katika nchi za malaria na homa ya uti wa mgongo, na dalili hizi, zikiandikwa harakaharaka katika daftari, husomeka kuwa ndizo zile zile. Ziko njia za kuzitenga. Maumivu ya homa hupanda pamoja na homa, na mgonjwa akiulizwa yalianza lini atajibu kwamba ni tangu jana, au juzi jioni. Ama huyu wa mshipa uliopasuka anaijua saa yake, na pengine anakijua hata kilichokuwa mkononi mwake. Mama atakuambia alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na kipande kilimdondoka. Mvuvi atakuambia alikuwa akiivuta nanga. Kama mgonjwa mwenyewe amekwisha kupoteza fahamu, aulizwe aliyekuwa naye. Swali hilo halina gharama yoyote, wala halihitaji umeme.

Nasema haya kwa sababu ya karatasi moja duni kwa sura, nayo ni fomu ya kuombea picha. Mahali pa kuandika habari za mgonjwa huachwa mistari michache tu, na nimeziona fomu nyingi ambazo mistari hiyo imejazwa kwa maneno matatu, "maumivu ya kichwa", na sahihi isiyosomeka. Fundi wa mionzi anayepokea fomu hiyo humpanga mgonjwa katika foleni pamoja na wenye kipandauso na wenye mafua ya kudumu. Msomaji wa picha naye huitazama kwa jicho la kutafuta uvimbe mkubwa, na asipouona huandika kwamba hakuna dosari. Lakini iandikwe, "kichwa cha ghafla, kimeanza saa 4 asubuhi ya leo, shingo imekakamaa, je, kuna damu kuzunguka ubongo?", na mgonjwa yule yule, kwa mashine ile ile, atatangulizwa, na picha yake itasomwa mahali pengine kabisa.

Mahali penyewe ni hapa. Katika picha ya mashine ya CT, maji yanayouzunguka ubongo huonekana meusi, na karibu na sakafu ya fuvu, juu kidogo ya mahali pa tezi ya pituitari, weusi huo hujikusanya kwa umbo la nyota yenye pembe 5. Damu mbichi huonekana nyeupe. Mshipa wa duara la Willis ukipasuka, damu humwagika katika maji hayo, na nyota ikageuka nyeupe. Na damu ikiwa nyingi, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuikosa. Kazi iko katika damu ndogo: weupe hafifu wa upande mmoja katika mfereji unaotenga kipaji na shavu la ubongo, au weusi uliotoweka tu, pasipo weupe kuonekana, au mstari mdogo wa damu uliotuama katika pembe za nyuma za mashimo ya ubongo, kwa kuwa mgonjwa alilazwa chali na damu ikazama kwa uzito wake. Msomaji mzoefu huanza kupatazama hapo kabla ya kuutazama ubongo wenyewe. Kadhalika mahali damu ilipokusanyika kwa wingi humnong'oneza ni mshipa gani uliopasuka: iliyo katikati, baina ya nusu mbili za mbele, huelekeza kwenye kijishipa cha kuunganisha cha mbele; iliyo katika mfereji wa pembeni huelekeza kwenye ateri ya kati ya upande huo.

Mashine yenyewe ina habari inayotuhusu kwa kiasi fulani. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya kichwa kwa njia hii alipigwa tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, kwa chombo alichokibuni mhandisi Godfrey Hounsfield. Lakini hesabu za kuijenga picha kutokana na miale inayopita pande nyingi zilikuwa zimekwisha kumshughulisha Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, tangu mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi ya fizikia katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wawili hao waligawana tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979.

Nguvu ya picha hii hupungua kwa kupita saa. Ikipigwa ndani ya saa 6 tangu kichwa kianze, kwa mashine ya kisasa na msomaji mjuzi, ni nadra mno damu kuikwepa. Siku moja ikipita hukosekana kwa wagonjwa wachache. Na wiki ikipita, karibu nusu ya wagonjwa picha zao huonekana safi kabisa, kwa kuwa damu imekwisha kuyeyuka katika maji. Mgonjwa wa kijijini aliyeanzia kwenye duka la dawa, akapitia zahanati, kisha hospitali ya wilaya, aghalabu hufika mbele ya mashine siku ya 4 au ya 5. Na hapo kumwambia kwamba picha yake ni nzuri ni kumdanganya, ijapokuwa hakuna aliyekusudia kudanganya. Kuna na mtego mwingine ulio wetu hasa: weupe wa damu katika picha hutokana na himoglobini, na mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, wa chini ya gramu 10 kwa desilita, awe wa selimundu, wa malaria ya mara kwa mara, au mama aliyetoka kujifungua, damu yake iliyomwagika huweza kufanana rangi na ubongo wenyewe. Wingi wa damu nao, basi, uandikwe katika ile fomu.

Picha ikiwa safi na shaka ikabaki, njia ni ile ile aliyoifungua Heinrich Quincke mwaka 1891, ya kuchoma sindano kiunoni na kuyatoa maji ya uti wa mgongo. Yafaa kungoja saa 12 tangu maumivu yaanze, ili damu ipate kuoza na kuyatia maji rangi ya manjano. Maana maji mekundu peke yake huenda yametokana na sindano iliyotoboa kijishipa njiani, ilhali umanjano, baada ya maji kuzungushwa katika mashine ya maabara, hausababishwi na sindano ya dakika ile. Waliozoea kutafuta homa ya uti wa mgongo hutazama usaha na vijidudu. Naomba waitazame na rangi.

Damu ikithibitika, swali linabadilika: sasa twauliza kifuko kiko wapi, kina ukubwa gani, na shingo yake ni pana au nyembamba. Hapa mgonjwa hudungwa mkononi dawa yenye iodini, na mashine ya CT ikapiga picha wakati dawa inapopita katika ateri za ubongo, aghalabu sekunde 15 hadi 25 baada ya kudungwa. Fundi akichelewa, vena nazo hujaa dawa na kuifunika picha. Vifuko vyenye milimita 3 na zaidi huonekana kwa hakika kubwa. Vilivyo chini ya hapo huhitaji jicho na subira. Mashine ya MRI huweza kuionyesha mishipa hata bila dawa yoyote, kwa kuinasa damu inayotembea, na kwa hiyo ni njema kwa mtu asiye na dharura. Lakini ni ya polepole, na mgonjwa anayehangaika hawezi kutulia ndani yake.

Juu ya hizo zote iko anjiografia, ambayo mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa paja au wa mkono hadi shingoni, dawa ikamiminwa katika kila mmoja wa mishipa ile 4. Mwanzilishi wake ni Egas Moniz wa Lisbon, aliyefanikiwa mwaka 1927 baada ya kuwajaribu wagonjwa kadhaa, mmoja wao akafa. Na ni ajabu ya ulimwengu kwamba tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1949 haikuwa kwa kazi hii yenye manufaa, ilikuwa kwa ile ya kuukata ubongo wa wenye wazimu, ambayo leo hakuna anayeionea fahari. Msweden Sven-Ivar Seldinger, mwaka 1953, alionyesha namna ya kuupitisha mrija juu ya waya pasipo kuchana mshipa, na baadaye kompyuta ikafundishwa kuitoa mifupa katika picha ili ibaki mishipa peke yake. Mishipa yote 4 haina budi kutazamwa, hata kama kifuko kimekwisha kuonekana katika wa kwanza, kwa sababu kiasi cha mgonjwa 1 katika kila 5 ana zaidi ya kimoja, na kukifunga kilicho salama na kukiacha kilichopasuka ni msiba. Katika wagonjwa wachache wenye damu ya yakini hakionekani chochote. Hao hurudiwa baada ya siku kadhaa, kwani donge la damu huweza kukiziba kifuko kwa muda.

Nirejee kwenye swali, maana kuna dalili moja ambayo hutangulia kupasuka na ambayo tunaipoteza kila mwaka. Aliletwa kwetu mama wa makamo, muuza samaki wa kukaanga, ambaye kope la jicho la kulia lilikuwa limemwangukia, jicho limegeukia nje, na mboni yake pana kuliko ya kushoto hata ukiimulika kwa tochi. Alikuwa amekwisha kupewa matone ya macho, na mahali pengine miwani. Kijishipa cha kuunganisha cha nyuma hupita karibu kabisa na neva ya tatu, inayoinua kope na kuifinya mboni, na kifuko kinapokua mahali hapo huikandamiza neva hiyo. Yule mama, picha ya mishipa ilipopigwa siku ile ile, alionekana kuwa na kifuko cha milimita 8, nacho kilikuwa hakijapasuka bado. Ni kwa dalili hii hii Walter Dandy wa Baltimore, mwezi Machi 1937, alimfungua fuvu mgonjwa ambaye hakupigwa picha yoyote ya mishipa, akakikuta kifuko alipokitarajia, akakibana shingoni kwa kibanio cha fedha, na mgonjwa akapona. Leo kifuko huweza pia kujazwa ndani kwa nyaya laini za platini zinazopitishwa katika mrija, kwa njia ya Guido Guglielmi iliyoanza kutumika miaka ya 1990. Lakini kope lililoanguka halikubadilika tangu zama za Dandy, na mtu wa kwanza kuliona ni muuguzi wa kliniki ya macho.

Kwa wasomaji wa picha nina mawili ya kuonya, nami nitayapita upesi. Kwenye chimbuko la kijishipa kile cha nyuma huweza kuwapo upana wa maumbile usiozidi milimita 3, wenye umbo la pia, na mshipa ukatoka kileleni mwake. Huo si ugonjwa, na mtu asitishwe kwa ajili yake. Pili, kifuko kikubwa, cha zaidi ya milimita 25, chenye donge la damu ndani na chokaa ukutani, hufanana mno na uvimbe wa tezi ya pituitari au wa utando wa ubongo, na daktari wa upasuaji atakayekitoboa apate kipande cha kupeleka maabara hatakuwa na muda wa kujuta. Uvimbe wowote wa mviringo ulio karibu na duara la Willis udungiwe dawa ya mishipa kabla ya kuguswa.

Wabakia wale ambao kifuko kimeonekana kwa bahati, katika picha iliyopigwa kwa sababu ya ajali ya pikipiki, tuseme, na ambao hawaumwi chochote. Kila hospitali inayonunua mashine itawaongeza watu hawa, nao huogopa kuliko wagonjwa wenyewe. Kifuko kidogo, cha chini ya milimita 7, kilicho nusu ya mbele, kwa mtu ambaye hajapata kuvuja damu, aghalabu hatari ya kukifunga hupita hatari ya kukiacha. Kikubwa zaidi, au kilicho nyuma, au chenye vijipele juu ya tumbo lake, au cha mtu ambaye ndugu zake wawili wa damu walipatwa, hicho kipelekwe kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo kikajadiliwe. Watu wenye figo zenye vifuko vingi vya maji vya kurithi, na wenye ndugu wa damu wawili waliopatwa, ni haki yao kutazamwa kwa MRI hata kabla ya dalili. Anayeachwa na kifuko chake ashushe shinikizo la damu, aache sigara, na arudie picha baada ya mwaka mmoja kwa mashine ya namna ile ile, kipimo kikichukuliwa mahali pale pale. Na nakala ya picha ya kwanza apewe mwenyewe aiweke nyumbani, kwani mafaili ya hospitali hupotea na mafundi huhama, na picha ya pili haisomeki ipasavyo pasipo ile ya kwanza kuwapo mezani.